Jina la babu halikukatwa Ellis Island: niliyojifunza kwa mhadhiri wa nasaba za Wayahudi na wahamiaji (uzi mrefu)

Binti Pangani (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Uzi huu nimeuahidi siku nyingi, leo nimepata mapumziko ya siku mbili nikasema niuandike. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande.

Nipo New Jersey mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Bibi ninayemtunza kwa sasa ana miaka 91, ni Myahudi, mzaliwa wa Brooklyn. Macho yamefifia, miguu imechoka, ila akili yake nzima kabisa. Jumapili ya pili ya kila mwezi namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka maktaba ya mji, ambako mama mmoja anatoa mihadhara ya namna ya kutafuta nasaba, hasa za familia za Kiyahudi na za wahamiaji wengine waliokuja Marekani kwa meli. Mwezi wa kwanza nilikaa nyuma nikisubiri amalize nimrudishe bibi nyumbani. Mwezi wa pili nilisogea viti vya mbele. Wa tatu nilikwenda na daftari langu.

Bibi ameniruhusu kusimulia. Majina ya familia nimeyabadilisha, tuwaite akina Robbins.

Siku ile ya kwanza yule mama alianza na swali: nani humu ndani amekua akiambiwa kwamba jina la ukoo wake lilibadilishwa na askari wa uhamiaji pale Ellis Island, kile kisiwa cha bandari ya New York walikopokelewa wahamiaji? Ukumbi mzima ukanyoosha mikono, na bibi yangu naye akanyoosha. Baba yake alimsimulia kwamba babu alifika pale, karani akashindwa kulitamka jina, akaandika "Robbins" na kusema, mwingine. Mhadhiri akatulia kidogo, akasema kwa upole: hakuna ushahidi kwamba hilo lilimtokea mtu yeyote humu. Watu wakanuna. Bibi alinuna mpaka tulipofika nyumbani.

Kisiwa kile kilifunguliwa 1 Januari 1892 na kufungwa Novemba 1954, na katikati hapo walipita watu wapatao milioni 12. Mwaka wa 1907 peke yake walipita zaidi ya milioni moja. Sasa orodha ya abiria haikuwa inaandikwa New York. Waliiandika makarani wa kampuni ya meli huko meli ilikoanzia safari: Hamburg, Bremen, Rotterdam, Antwerp, Liverpool. Mkaguzi wa Ellis Island alipokea orodha ikiwa imeshajaa, akamwita mtu, akamuuliza upya maswali yaliyokwisha kujibiwa kule bandarini, akaweka alama. Kazi yake ilikuwa kuhakiki, kubatiza hakukuwamo. Na kampuni ilikuwa na sababu ya kuandika kwa makini, maana abiria akikataliwa ni kampuni inayomrudisha kwa gharama zake. Halafu pale palikuwa na wakalimani wa lugha nyingi. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alifanya kazi ya ukalimani Ellis Island kuanzia 1907 hadi 1910.

Kama ni hivyo, jina la bibi lilitoka wapi? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Naendelea kesho inshallah.

Fundi Redio

Nimeweka kambi hapa. Ila dada mimi nina swali, hivi si tumeona kwenye filamu kabisa yule karani anambadilishia mtoto jina mlangoni? Ina maana ni uongo mtupu?

Binti Pangani

Ndugu yangu, filamu zimetia watu wengi imani hiyo. Majina yalibadilika kweli, na kwa wingi mno, ila waliyabadilisha wenyewe baadaye: mwalimu wa shule alipomwandikisha mtoto, bosi wa kiwanda alipotaka jina fupi, au mtu mwenyewe mbele ya mahakama siku ya kuomba uraia. Wengine walitaka tu kupata kazi mahali ambapo jina la Kiyahudi lilikuwa linafungiwa mlango. Mhadhiri wetu anaamini hadithi ya karani ilidumu kwa sababu inamwondolea babu lawama ya kuliacha jina la baba yake. Mimi nakubaliana naye. Ni rahisi kumwambia mwanao "walinikatia" kuliko "nililiacha".

Sasa nieleze tulivyotafuta. Kanuni yake ya kwanza: usianze na meli. Kila mtu anataka kuanza na meli kwa sababu ndiyo tamu. Anza na karatasi ya mwisho kabisa, cheti cha kifo na jiwe la kaburi, halafu rudi nyuma hatua moja moja, kila karatasi ikuambie karatasi inayofuata iko wapi.

Tukaanza na sensa. Marekani sensa hufungwa kwa miaka 72 kisha hufunguliwa kwa wote, kwa hiyo ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Nikamtafutia bibi, nikamkuza mstari kwenye skrini mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole. Akajiona, msichana wa miaka 16, Brooklyn, pamoja na wazazi na kaka yake. Akagusa skrini. Aliniambia, "Ile nyumba ilikuwa inanuka supu ya kabichi ngazi zote nne."

Sensa ya 1930: Robbins. Ya 1920: hawapo. Nilitafuta siku mbili. Hatimaye nilitafuta kwa majina ya kwanza na umri wa watoto bila jina la ukoo, nikawakuta mtaa wa Orchard Street, Manhattan: baba fundi cherehani, lugha ya mama Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki), waliingia nchini 1907 na 1909. Jina la ukoo: Rabinowitz.

Yaani miaka 13 baada ya kupita Ellis Island, bado walikuwa Rabinowitz! Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo baba alinidanganya." Nikamwambia hapana bibi, baba yako aliingia mtoto wa miaka mitano, naye alisimuliwa.

Karatasi ya uraia ikamaliza ubishi. Kabla ya 1906 kila mahakama ilikuwa na fomu yake na nyingi hazisemi kitu, lakini baada ya sheria ya mwaka huo fomu zikawa za namna moja na zina mambo mengi: siku na mahali pa kuzaliwa, jina la meli, siku ya kufika, mke na watoto wote na tarehe zao. Ombi la babu ni la 1921. Upande wa mbele limejazwa kwa jina la Jacob Rabinowitz. Nyuma kuna mstari wa ombi la ziada, kwamba mwombaji anaomba abadilishiwe jina liwe Jacob Robbins, na chini yake saini. Saini ile ameiandika kwa jina jipya, taratibu, herufi moja moja kama mtoto anayejifunza, na herufi mbili za b hazilingani urefu.

Wakati huo mke na watoto wadogo walipata uraia kupitia kwa mume. Sheria ya kumfanya mwanamke aombe mwenyewe ilikuja Septemba 1922. Kwa hiyo ukitafuta karatasi ya bibi mzaa baba wa mtu kabla ya hapo mara nyingi hupati, usidhani imepotea. (Nyingine zinapotea kweli. Kuna ofisi moja ya kumbukumbu tuliyoilipa ada, tukasubiri miezi mitano, ikatuletea cheti cha kifo cha mtu mwingine kabisa, na ada haikurudi.)

Kyalo254

Dada, uzi mtamu sana. Na ile meli mliipata?

Binti Pangani

Tuliipata. Kwa kuwa ombi la uraia lilitaja meli na siku, haikuwa tena kubahatisha. Orodha hizi zipo bure mtandaoni, picha ya ukurasa wenyewe, unajisajili tu.

Oktoba 1907, kutoka Hamburg. Anayepata mwaka huo kuanzia mwezi wa saba ana bahati, kwa sababu sheria mpya ya 1907 iliongeza swali: ndugu wa karibu uliyemwacha kule ulikotoka ni nani, na anaishi wapi. Mstari wa 17: Jankel Rabinowitz (Jankel ndiyo Jacob kwa Kiyidi), miaka 28, ameoa, fundi cherehani, anajua kusoma na kuandika, kabila "Hebrew", mkazi wa Slonim. Anakwenda kwa shemeji yake New York. Ana dola 11. Ndugu aliyemwacha: baba, Mordko Rabinowitz, Slonim.

Hamburg nako walikuwa wanatunza orodha zao za wanaoondoka, na zile za 1850 hadi 1934 zimesalia. Mhadhiri akatuonyesha ile ya kule. Jina ni lilelile, mji uleule. Limeandikwa Ulaya kabla Jankel hajaiona New York.

Mke, Rywka, akafuata 1909 na watoto wawili, mmojawapo ndiye baba wa bibi. Pembeni ya majina yao kuna alama ya X. Watu wengi huiona hiyo X wakaipita. Maana yake walizuiliwa, na mwishoni mwa orodha ya meli kuna kurasa za waliozuiliwa, zenye sababu, siku na saa ya kuachiwa, na idadi ya milo waliyopewa, asubuhi, mchana na jioni. Mwanamke aliyekuja peke yake na watoto hakuruhusiwa kutoka mpaka ndugu aje kumchukua. Sababu yao imeandikwa "kwa mume". Milo ya asubuhi sita, ya mchana sita, ya jioni sita. Watu watatu, siku mbili. Bibi alinifanya nihesabu mara tatu. Akasema bibi yake hakula nyama isiyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi maisha yake yote, na jiko la Kiyahudi Ellis Island lilikuja baadaye, 1911. "Basi siku mbili alikula nini?" aliniuliza. Nilikosa jibu. Mimi nilifikiria safari yangu ya kwanza, mkate na ndizi uwanja wa ndege wa nchi nisiyoijua, nikiogopa kila sahani.

Fundi Redio

Aisee. Ila Slonim ni nchi gani? Nimetafuta ramani napata Belarus, ndiyo hiyo?

Binti Pangani

Swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi. Babu alipoondoka, Slonim ilikuwa chini ya dola ya Urusi, jimbo la Grodno. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa Poland. 1939 wakaingia Wasovieti, Juni 1941 Wajerumani, leo ni Belarus. Mtu mmoja angeweza kuishi nyumba ileile akapitia serikali nne. Kwa hiyo karatasi ikisema "Russia", bado hujajua kitu: yaweza kuwa Lithuania, Ukraine, Poland au Belarus ya leo. Tafuta mji. Na mji nao una majina yake, Vilna ni Wilno ni Vilnius, Lemberg ni Lwów ni Lviv.

Tarehe nazo vivyo hivyo. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, nyuma kwa siku 12 karne ya 19 na siku 13 karne ya 20. Na wengi hawakuijua tarehe yenyewe, wanakwambia nilizaliwa usiku wa mshumaa wa kwanza wa Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa "mwaka wa nzige". Mhadhiri alipoeleza hayo Wamarekani walishangaa, mimi nilikuwa naona ya kawaida kabisa.

Mtaa wa Saba

Samahani kama nitawaudhi, lakini haya ya Wazungu na Wayahudi wao sisi yanatuhusu nini? Wao wana makaratasi. Sisi babu zetu hawakuandikwa popote.

Binti Pangani

Hujaniudhi ndugu yangu. Nilifikiri hivyohivyo mpaka siku tuliyokwenda makaburini, kwa hiyo nikusimulie.

Makaburi yenyewe yapo Queens. Wayahudi waliofika New York waliunda vyama vya watu wa mji mmoja, wa Slonim kivyao, wa mji jirani kivyao. Unatoa kiasi kila mwezi, ukiugua unasaidiwa, ukifa unazikwa kwenye eneo lililonunuliwa na chama. Ni vyama vya kuzikana kama tunavyovijua, na kama tulivyonavyo Waswahili huku Marekani hadi leo kwa ajili ya kusafirisha maiti. Langoni mwa eneo lao kuna nguzo mbili za mawe zenye jina la mji na majina ya viongozi wa chama. Mhadhiri anasema mtu akikosa mji wa babu kwenye karatasi zote, aende kasome lango la makaburi aliyozikwa.

Tulikwenda watu tisa. Nilimsukuma bibi kwenye majani yaliyolowa mpaka kaburi la babu yake, aliyefariki Februari 1938. Chini limeandikwa Jacob Robbins kwa Kiingereza. Juu kuna maandishi ya Kiebrania ambayo bibi ameyaona tangu utotoni bila kujua kuyasoma. Mhadhiri akapitisha kidole kwenye jiwe kutoka kulia kwenda kushoto, akasoma kwa sauti: Yaakov ben Mordechai.

Mdomo wangu ukatamka wenyewe: Yaakobo bin Mordekai.

Wote wakageuka. Pembeni kaburi la mkewe: Rivka bat Shmuel. Nikasema, Rivka binti Shmuel. Nikawaeleza kwamba kwetu baba yangu anaitwa Athumani bin Rajabu, na babu Rajabu bin Mwinjuma, na ukinitajia watu saba nyuma kwa bin nitakwambia shamba la kila mmoja lilikuwa wapi. Mhadhiri akaniambia, "Basi wewe unacho ambacho hawa wote wanatafuta." Nililia pale, sioni haya kusema.

Maana Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa hivyo hadi juzi tu. Fulani bin fulani, basi. Jina la ukoo waliletewa na serikali zilizotaka kodi na askari: Austria 1787, Urusi 1804, Ufaransa 1808, Prussia 1812. Rabinowitz yenyewe maana yake ni mwana wa rabi. Liliwekwa kwenye daftari la dola, lakini sinagogini na kaburini waliendelea na bin. Ndiyo maana jiwe linakupa kizazi kimoja zaidi ambacho cheti cha kifo kinakosea. Cheti cha babu Jacob kinasema baba yake ni "Max", jina alilolitaja mkwe aliyekwenda kuripoti kifo. Jiwe linasema Mordechai, orodha ya meli inasema Mordko, ambalo ndilo Mordechai kwenye mdomo wa Mrusi. Mawili yamekubaliana.

Kwa hiyo ndugu wa Mtaa wa Saba, wewe huna karatasi, sawa, ila pengine unayo minyororo ya bin ambayo wenzio wanaitafuta kwa kipande cha jiwe. Na karatasi nazo zipo kuliko tunavyodhani: daftari za ubatizo za misheni, hati za ndoa za kadhi, za mashamba.

Kyalo254

Nimesoma hapo nikakumbuka marehemu shosho wa mke wangu. Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ukijua watoto wamezaliwa kwa mpangilio gani, umejua wazazi wa pande zote. Wayahudi wana kitu kama hicho?

Binti Pangani

Wanacho, na hapo ndipo mhadhiri wetu anaponoga. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, Waashkenazi, humpa mtoto jina la ndugu aliyekwisha kufa. Aliye hai hapewi mtoto jina lake. Wasefardi, wale ambao asili yao ni Hispania, wao humpa mtoto jina la babu hata kama yu hai, kama hao Wakikuyu.

Angalia inavyofanya kazi. Orodha ya Oktoba 1907 inasema baba wa Jankel, Mordko, yu hai Slonim. Mwaka 1912 Jankel anazaa mtoto New York, anamwita Max, na jina lake la Kiebrania ni Mordechai. Kwa hiyo Mordko alifariki kati ya 1907 na 1912. Hatuna cheti chake cha kifo, na tumemwekea mwaka. Huyo Max ni baba mdogo wa bibi, alikuwa anamnunulia aiskrimu.

Lushois

Jambo kwenu wote, mimi niko Lubumbashi. Dada, huku kwetu Wayahudi walikuwepo wengi zamani, na sinagogi iko hadi leo. Wazee wanasema walitoka kisiwa cha Rodi. Hao nao wanaweza kutafutwa kwa njia hii?

Binti Pangani

Karibu sana kaka. Ndiyo, na historia yao ni nzito. Wayahudi wa Rodi ni Wasefardi, nyumbani waliongea Kihispania cha kale. Kisiwa kilikuwa cha Waturuki mpaka 1912 kikachukuliwa na Waitaliano, kwa hiyo mzee aliyekuja Élisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo) anaweza kuwa na karatasi za Kituruki utotoni, za Kiitaliano ujanani, na za Kibelgiji Kongo. Hata Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, baba yake alikuwa Msefardi wa Rodi. Waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, Wajerumani waliwakusanya Julai 1944 na kuwapeleka Auschwitz, na wachache sana walirudi. Familia nyingi za Rodi zilisalia kwa sababu tu mtoto mmoja alikuwa ameondoka mapema kwenda Kongo kufanya biashara. Kama sinagogi ya Lubumbashi ina daftari za ndoa, mwanafunzi wa historia wa hapo angefanya jambo kubwa akizipiga picha.

Fundi Redio

Na vipimo vya vinasaba? Si mtu anatema mate tu kwenye kichupa anapata ukoo wote?

Binti Pangani

Bibi alipima. Alipata ndugu maelfu kwa maelfu. Tatizo ni kwamba Waashkenazi walioana wao kwa wao karne nyingi, kwa hiyo yeyote kati yao ana vipande vidogo vidogo vinavyofanana na vya mwenzake kwa njia tano au sita za zamani. Kompyuta inajumlisha inasema binamu wa tatu, kumbe ni wa saba. Mhadhiri anawaambia waangalie urefu wa kipande kimoja kikubwa zaidi, jumla waiache. Vinasaba bila karatasi havikupi jina.

Msaada mkubwa zaidi kwetu ulikuwa mfumo wa kutafuta majina kwa jinsi yanavyosikika, si kwa herufi zake, uliotengenezwa na Randy Daitch na Gary Mokotoff mwaka 1985. Mfumo wa zamani wa Marekani uliitenganisha Rabinowitz na Rabinovich kwa sababu ya herufi w na v. Wao wakapanga kwa masikio ya Ulaya ya Mashariki, yote mawili na Rabinowicz vikaangukia kapu moja. Nawaza kila siku mtu angetutengenezea wa Kiswahili, Athumani na Othman na Usmani na Uthman viwe kapu moja.

Kyalo254

Na huyo Mordko alikuwa na watoto wengine waliobaki Slonim?

Binti Pangani

Nilijua mtauliza. Hii sehemu niliiacha mwisho kwa sababu sikuwa na uhakika kama nitaweza kuiandika.

Yad Vashem, jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi huko Yerusalemu, tangu miaka ya 1950 wanakusanya karatasi moja kwa kila Myahudi aliyeuawa na Wanazi. Inajazwa na yeyote aliyemjua: ndugu, jirani, mwanafunzi mwenzake. Inauliza jina, jina la baba, jina la mama, mji, kazi, mahali pa kufa. Tangu 2004 zipo mtandaoni, na majina yaliyokusanywa humo na kwingineko yamezidi milioni 4.5. Tukaandika Rabinowitz, Slonim, jina la baba Mordechai.

Ikaja moja. Leib Rabinowitz, mwana wa Mordechai, fundi cherehani, aliuawa Slonim 1942. Imejazwa 1956 na mwanamke wa Haifa, shemeji yake, kwa mwandiko wa Kiebrania. Ya pili ni ya mke wa Leib. Ya tatu ya binti yao, Feigel. Slonim watu waliuawa kwa maelfu nje ya mji, Novemba 1941 na tena mwishoni mwa Juni 1942.

Bibi hakuwahi kusikia jina la Leib. Babu yake alifariki 1938, na baba yake hakulitaja hata siku moja. Usiku ule hakula. Asubuhi akanituma kabatini, nimteremshie kopo la biskuti lenye picha za zamani. Tukazipekua zote kitandani. Kuna moja, mwanamume na mwanamke wamesimama, mbele yao msichana wa miaka kama sita, na mvulana mdogo ameshika mkono wa baba kwa vidole viwili tu, soksi moja imeshuka. Nyuma kuna mistari miwili ya Kiyidi kwa kalamu ya risasi. Jumapili iliyofuata tukampelekea mhadhiri. Aliigeuza kwenye mwanga, akasoma: kwa ndugu yangu Yankel, hawa ni Feigele na Mordkhe wetu, 1927.

Mordkhe. Mordechai. Ndugu wawili, mmoja New York na mwingine Slonim, kila mmoja alimpa mwanawe jina la baba yao aliyefariki.

Nikarudi kutafuta. Feigel ana karatasi. Mvulana hana. Labda yule mama wa Haifa aliondoka Slonim kabla hajazaliwa, labda hakuweza kumwandika.

Fundi Redio

Dada, na wewe unaweza kumjazia mtu ambaye hukumjua?

Binti Pangani

Ndugu wa familia anaruhusiwa, anaeleza tu amejuaje. Tulijaza Alhamisi iliyopita, mezani jikoni. Bibi alikataa nisimwandikie, akataka aandike mwenyewe, nikamshikia taa na kioo cha kukuzia. Jina: Mordechai Rabinowitz. Jina la baba: Leib. Mwaka wa kuzaliwa akaniuliza mimi, mtoto huyu unamwonaje, wewe umelea watoto. Nikaitazama ile picha tena, vidole viwili na soksi. Nikamwambia miaka mitatu, haizidi. Akaandika: 1924, takriban. Palipoandikwa uhusiano wako na marehemu akaandika, binamu wa baba yangu. Picha tumeipiga nakala mbele na nyuma, tukaambatanisha. Jana nimeiweka posta.

Mkitaka nieleze namna ya kusoma safu za orodha za meli moja moja, semeni, nitaweka hapahapa mwishoni mwa wiki.